Theluthi Mbili za Ubatizo

Daktari alipotuambia kwamba valvu ya moyo wa mume wangu inavuja, mume wangu alicheka. Hakuwa amerukwa na akili. Ni fundi bomba, na maneno hayohayo amewaambia watu maisha yake yote, akiwa amepiga magoti chini ya masinki yao.

"Daktari," alisema, "hiyo mimi ningekubadilishia kabla ya chai. Ila ningefunga maji kwanza."

"Na sisi tutafunga," daktari akajibu bila hata kutabasamu. "Tutausimamisha moyo. Mashine itashika kazi yake mpaka tumalize."

Kicheko kikaishia hapo. Mume wangu aliuliza habari za kovu, kama litakuwa refu. Mimi nilibaki na lile neno, tutausimamisha. Nikalibeba mpaka nyumbani kama mtu aliyeipua sufuria kwa mikono mitupu, ya moto na hana pa kuitua. Mke mwingine angewaza: atapona? Na mimi niliwaza hivyo, mimi si jiwe. Lakini chini yake kulikuwa na swali jingine, nami niliona haya hata kulitamka. Moyo ukisimama, na mtu mwenyewe hajabatizwa, kwa muda huo huyo mtu yuko wapi?

Ukituona kwa nje utadhani sisi ni wa ndani kabisa kanisani. Bwawa la ubatizo alilijenga mume wangu: alichimba, akapitisha mabomba, akabandika vigae, akaweka ngazi na kizibo cha kumwagia maji. Siku ya kulijaribu alijilaza humo chali, aone kama maji yanamfunika mtu mzima. Amelowa kwenye maji yale kuliko shemasi yeyote. Na kanzu nyeupe za kubatiziwa nazishona mimi. Hiyo kazi ina siri yake. Kanzu ikiingia majini hupanda juu kama mwavuli, na mama wa watu akabaki mapaja nje mbele ya kwaya nzima. Kwa hiyo ndani ya pindo la chini nashonea washa za chuma, vile vipete bapa vya kuweka chini ya nati, kutoka kwenye sanduku la mume wangu, kuzunguka pote, na kanzu inatulia. Kila muumini wetu amezama na vyuma vya mume wangu miguuni. Yeye tu ndiye hajazama. Kinyozi hajinyoi.

Na wala si mpinzani. Jumapili anakuja, anakaa kiti cha nyuma karibu na mlango, anaimba sauti ya tano ambayo haipo kwenye wimbo. Ukimwuliza atabatizwa lini, jibu lake ni lilelile: "Anayekimbilia nyumba ya watu kwa sababu ya mvua, mvua ikikatika huaga. Mimi nataka kuingia siku ya jua." Nilimshonea kanzu yake tukiwa bado vijana. Imekaa kabatini tangu hapo, ikitoka tu kuongezwa upana, tumbo linavyodai.

Sasa mvua ilikuwa imekuja, tena ya mawe.

Dada yangu mkubwa alifika siku ileile. Tunamwita Kengele, kwa sababu hata akinong'ona majirani hugeuka. Alikaa kwenye stuli ya wateja, mkoba magotini.

"Upasuaji lini?"

"Alhamisi."

"Na ubatizo lini?"

Nikasukuma kitambaa chini ya sindano ya cherehani, nikajifanya sikusikia.

"Mdogo wangu, nakuuliza. Akiingia mle hivihivi, asitoke, utamshonea nini hapo?"

Mume wangu alikuwa kwenye kochi, miguu imevimba, ameiweka juu ya mto. "Shemeji," akasema, "mimi nipo hapahapa. Niulize mimi."

"Wewe nimekuuliza tangu una nywele."

"Basi nami nikuulize. Yule mwizi aliyesulubiwa pembeni ya Bwana, alibatizwa na nani?"

"Yule alikuwa na udhuru, shemeji. Alipigiliwa misumari. Wewe hapo kwenye kochi umepigiliwa na nini?"

Mume wangu akacheka mpaka akakohoa, na akakohoa mpaka midomo ikawa rangi ya majivu. Dada alisimama, mkoba ukaanguka. Nilimshika mume wangu mgongo, nikahisi chini ya kiganja changu moyo ukipiga ovyo, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Ulipotulia, hakuna aliyerudia utani.

Tangu hapo mkono wangu uliharibika. Nilimshonea mteja mmoja suruali, mguu mmoja nikaufunga chini kabisa. Alipokuja kuijaribu alirukaruka kibarazani akiniuliza kama hiyo ni mitindo mipya. Nikamwambia ndiyo, na bei imepanda. Alicheka. Alipoondoka nikaketi, nikashika shati la mume wangu nililokuwa nalitia kifungo, nikalinusa kama mjinga.

Nikaenda kwa mchungaji. Mchungaji wetu ni kijana, ningeweza kumzaa, na viatu vyake hulia akitembea. Alinipa kiti, akafunga mlango wa ofisi.

"Mama, siwezi kumzamisha mtu kwa niaba ya mke wake," alisema. "Lakini mlete. Nitamwuliza swali moja tu. Akisema ndiyo, maji yapo."

"Na asipowahi?"

"Tunaokolewa kwa neema, mama. Si kwa maji."

"Basi maji ya nini?"

Akajikuna shingo. "Ya kutii."

"Na mtu aliyefia njiani akienda kutii?"

"Huyo Mungu anauona moyo wake."

"Moyo wake ndio mbovu, mchungaji. Ndio maana niko hapa."

Alitazama dari, nami nikaitazama, kama kwamba jibu lilikuwa limebandikwa huko. Dari ilikuwa na doa la maji. Nikakumbuka mume wangu aliahidi kuja kuliangalia.

Nyumbani hakunipa tabu kama nilivyotegemea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiigeuzageuza spana mkononi, maana bila chuma mkononi hasikilizi.

"Kama itakufanya upate usingizi, nitaingia."

"Si kwa ajili yangu, Fundi."

"Kwa ajili ya nani, basi? Mimi nalala vizuri."

Na kweli alikuwa akilala. Mimi ndiye niliyekuwa nikimhesabia pumzi.

Tulikwenda kanisani mchana wa siku ya kulazwa, begi la hospitali likitungojea mlangoni. Viti vilikuwa vimepangwa juu ya vingine, kinanda kimefunikwa shuka. Mchungaji alikuwa amefungulia maji tangu asubuhi, yakafika kwenye kigae cha bluu, pale mume wangu alipoweka alama ya kina. Alivaa kanzu yake kwa mara ya kwanza. Ilimkaa vizuri, na hilo ndilo lililoniuma: mgonjwa akivaa nyeupe, amelala au amesimama, jicho linaona sanda.

"Haya," akasema, "maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge." Akasogea ukingoni, vidole vya miguu vikajikunja.

Mchungaji alikunja suruali, akafungua kitabu, akauliza polepole: "Unaamini kwamba Yesu Kristo ni Bwana na Mwokozi wako?"

Nilisikia maji yakilamba vigae.

"Mchungaji, nikudanganye hapa?"

"Usinidanganye, mzee wangu."

"Naamini mke wangu anaogopa. Hilo naliamini kwa moyo wangu wote, huuhuu mbovu. Hayo mengine nayataka. Nayataka sana. Ila sijui kama kutaka ndiko kuamini, au ni woga tu umevaa kanzu."

Nilitamani kumfinya. Ndiyo ni neno moja. Watu wameisema kwa mambo ya kipuuzi zaidi. Mimi mwenyewe niliisema siku aliponiuliza kama najua kupika.

Mchungaji alifunga kitabu, kidole kikabaki ndani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe amshike, naye hajui ashike wapi. "Sikukatai," alisema. "Lakini siwezi hivi. Ngoja nimpigie mkubwa wangu simu, nimwulize." Akaenda ofisini, viatu vikilia.

Tukabaki wawili na maji. Nilikuwa natafuta la kusema, lenye sumu kidogo, nilipoona mume wangu hanitazami. Anatazama kigae cha bluu.

"Yameshuka," alisema.

"Nini?"

"Maji. Yalikuwa hapa, sasa yako pale. Kizibo changu kinavuja."

"Achana nacho."

"Mpira umechakaa, haubanwi tena. Unahitaji washa juu yake." Akajipapasa kiunoni kutafuta mifuko. Kanzu haina mifuko. Halafu akatazama chini, kwenye pindo la kanzu nililolishona. "Mwenzangu, hebu nitolee moja."

"Daktari kasema usijikaze. Kasema usipate baridi."

"Daktari hakujenga bwawa hili. Kesho nikilala kwenye meza yao huku nawaza kizibo, watashangaa mapigo yanakwenda wapi. Toa."

Nilitoa. Usiniulize kwa nini. Baada ya miaka yote hiyo mkono wangu unamjua kuliko ninavyojijua mwenyewe. Nilishika mkasi mdogo ninaouning'iniza shingoni, nikafumua pindo kidogo, washa ikaniangukia kiganjani. Akaichukua, akashuka ngazi taratibu akishika ukingo, maji yakampanda mpaka kifuani. Kanzu ikatulia pande zote isipokuwa pale nilipofumua. Pale ikainuka kama sikio la mbwa. Akavuta pumzi, akainama, akazama.

Ndipo mkono wangu ukatangulia akili. Nilipiga magoti ukingoni, nikanyoosha mkono ndani ya maji, nikaweka kiganja juu ya upara wake, na mdomo ukaanza: "Nakubatiza kwa jina la Baba."

Mapovu yakapanda.

"Na la Mwana."

Akaibuka.

Aliibuka vibaya, mdomo wazi, macho hayanioni, mkono mmoja ukitafuta ngazi na kuikosa. Niliita, sijui nilimwita nani. Mchungaji alikuja mbio, akaingia majini na viatu vyake na simu yake mfukoni, akamkumbatia kwa nyuma. Tukamvuta, yeye akisukuma, mimi nikivuta, mpaka akalala kwenye vigae vya juu. Midomo ilikuwa ya majivu. Ilichukua muda mrefu kurudi kuwa midomo.

Neno lake la kwanza lilikuwa: "Kimekaza."

Mchungaji hakuwa amesikia nilichosema, na mkubwa wake hakuwa amepokea simu. Kwenye gari la kwenda hospitali mume wangu alisinzia begani kwangu akinuka maji ya bomba, nami nikaanza kupiga hesabu ambayo sijafundishwa na mtu. Baba, tayari. Mwana, tayari. Kwa Roho Mtakatifu, mume wangu alikwisha kuibuka. Je, mtu anaweza kuokoka theluthi mbili? Na kama haiwezekani, nimemfanyia mume wangu nini? Huenda nimeharibu. Huenda kuna mahali mtu anasubiri kwenye foleni na karatasi isiyo na muhuri, na mimi ndiye niliyempeleka na karatasi hiyo.

Asubuhi ya upasuaji walikuwa wamemnyoa kifua na kumvisha lile vazi la hospitali lililo wazi nyuma. "Aliyeshona hili," alisema, "hakuweka washa."

"Fundi, nina neno."

"Sema upesi, wanakuja na kitanda."

"Pale majini. Nilikubatiza."

Akanitazama. "Nilisikia mkono. Nilidhani unanisukuma nifike chini."

"Sikumaliza. Uliibuka mapema."

"Ulifika wapi?"

"Kwa Mwana."

Hakucheka. Alifikiri vilevile anavyofikiri mbele ya bomba, kichwa pembeni. "Kwa hiyo nimeunganishwa, nati ya mwisho haijafungwa."

"Usinitanie leo."

"Sikutanii. Na mimi nina langu." Akatazama mlango; magurudumu yalikuwa yanakuja koridoni. "Kule chini pumzi ilikata. Mkono mmoja uko kwenye kizibo, wa pili sijui uko wapi. Nikasema kitu. Si kwa mdomo, mdomoni mlikuwa na maji. Nikasema: naogopa, nishike. Wala sikuwa nakwambia wewe."

Wauguzi wawili waliingia, wakamhamishia kwenye kitanda cha magurudumu, wakaanza kusukuma. Nilitembea pembeni, nikishika chuma cha kitanda. Kwenye mlango wa chumba cha upasuaji aligeuza shingo.

"Hiyo ndiyo kuamini?" akaniuliza. Alikuwa ananiuliza mimi, na alitaka jibu.

Mimi niliyemsumbua tangu ujana, mimi niliyekuwa na jibu kwa kila mtu aliyekaa kwenye stuli yangu, nilisema:

"Sijui, Fundi."

Mlango ukafungwa.

Dada na mchungaji walikuwa kwenye benchi la korido. Mchungaji alikuwa amevaa kandambili. Viatu vyake vilikuwa bado havijakauka. Niliketi katikati yao, nikawaambia yote, kiganja changu na maneno yangu na mahali nilipoishia.

"Theluthi mbili si ubatizo," dada alisema, na mtu mwenye mkono wa plasta akageuka mwisho wa korido. "Hapo umemwogesha tu."

"Mchungaji?"

"Mama, ule haukuwa ubatizo. Hata ungemaliza. Hukumwuliza, naye hakukubali. Mtu haingizwi mlangoni kwa kuviziwa."

Nilikuwa najua. Hata hivyo niligeuka, nikautazama mlango wa chumba cha upasuaji. Nyuma ya mlango ule, pengine wakati huohuo, moyo wake ulikuwa umesimama kama walivyoahidi.

"Na lile alilolisema mwenyewe? Kule chini?"

Mchungaji alivitazama vidole vya miguu yake. Nilimwona akianza jibu la mimbarini, nikamwona akiliacha.

"Hilo halinihusu mimi," alisema. "Si kwamba silijali. Mimi nimepewa maji nisimamie. Mlango sikupewa."

"Hiyo ni ndiyo au hapana?"

"Ni kwamba sijui, mama. Ila mimi ningelikuwa ndiye niliyeambiwa hivyo, nishike, nisingeuachia ule mkono."

Saa ya ukutani ilikuwa imesimama, na katika korido ile hilo si jambo la kuchekesha. Niliikwepa kwa macho. Baada ya muda mrefu dada alisema kitu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuna aliyegeuka.

"Mimi siku yangu sikusema hata hivyo."

"Siku yako ipi?"

"Ya kubatizwa. Niliulizwa, nikasema ndiyo, sauti unaijua. Lakini kule chini ya maji nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: kanzu isipande." Akafuta pua kwa ukingo wa mtandio. "Naogopa, nishike. Hata haikunijia."

Nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi kuliko wangu. Tukakaa hivyo, Kengele na mdogo wake, wote wawili hatujui lolote, na kijana wa kandambili anasali bila kutoa sauti.

Daktari alipotoka, barakoa ilikuwa imeshuka kidevuni, akanitafuta kwa macho. Nilibaki kwenye benchi. Akaja yeye.

"Tumeuwasha tena," alisema. "Ulisita kidogo. Halafu ukakubali."

Mvua ikakatika hivyo. Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi, niliwapikia wauguzi wa wodi nzima. Lakini sasa niliogopa kwa upande wa pili: nilimjua mtu wangu na methali yake. Mvua imekatika, basi ataaga. Alirudi nyumbani, kovu limeshuka kifuani kama mshono wa fundi mwanafunzi, akaanza kutembea mpaka getini, halafu mpaka dukani. Hakutaja kanisa. Sikutaja. Dada akija nilikuwa namkanyaga mguu chini ya meza kabla hajafungua mdomo.

Halafu siku moja, jua limewaka mpaka bati linapiga kelele, alikuja akasimama mbele ya cherehani yangu. Alikuwa ametoka kanisani kutazama lile doa la dari.

"Ile kanzu yangu iko wapi?"

Mguu wangu ukasimama juu ya pedali. "Kabatini."

"Pindo lake lina upungufu."

"Washa yake iko kwenye kizibo chako."

Akatia mkono mfukoni, akaweka washa mpya juu ya meza, karibu na sindano. "Shonea. Sitaki kupanda upande mmoja mbele ya watu."

Nikaitazama ile washa. "Na ukiulizwa," nikasema, nikijitahidi sauti iwe ya kawaida, "utajibu nini?"

"Swali si lako, mwenzangu. Wewe shona."

Akaketi kwenye stuli ya wateja, mikono juu ya magoti, akangoja kama mteja yeyote mwenye haraka. Nikalamba uzi, nikaulenga tundu la sindano. Ukapita pembeni. Nikaulamba tena.